Haleluya ya Karatasi Iliyofutika

Sina ugomvi na Handel. Nalisema hili mapema kwa kuwa najua wapo watakaosoma kichwa cha insha hii na kudhani kwamba mzee mmoja wa Dodoma ameamua kuifukuza Haleluya makanisani. La hasha. Ugomvi wangu ni na karatasi. Ni ile karatasi chakavu, nakala ya nakala ya nakala, ambayo kwaya zetu huishika mkononi kila Krismasi na kila Pasaka. Haina jina la mtunzi, haina jina la mtu aliyeyatia maneno katika Kiswahili, haina mwaka, na nusu ya alama zake zimekwisha kumezwa na mashine. Juu pameandikwa HALELUYA kwa herufi kubwa, basi. Imekuwa kama mtoto aliyeokotwa njiani.

Msomaji asiyeimba kwaya anivumilie nieleze jambo la ufundi, maana ubishi wangu wote umesimama hapo. Kwaya zetu nyingi za huku kati, tangu Mpwapwa na Kongwa hadi Manyoni, hazisomi nota za mistari mitano. Zinasoma solfa: d, r, m, f, s, l, t. Njia hii ilienezwa Uingereza katika karne ya 19 na mchungaji John Curwen, naye aliijenga juu ya kazi ya mwalimu mmoja wa kike wa Norwich, Sarah Glover. Wamisionari wakaieneza Afrika kwa sababu haihitaji kinanda wala karatasi maalumu. Ubao na chaki vinatosha. Mimi niliifundisha kwa miaka yote ya ualimu wangu, na simruhusu mtu aidharau mbele yangu. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule huko Johannesburg, alikuwa mtu wa solfa na daftari. Mwaka 1897 alitunga wimbo ambao sauti yake ndiyo leo inayobeba wimbo wetu wa taifa.

Lakini solfa ina udhaifu mmoja, na ni udhaifu wa kutisha. Herufi hukwambia sauti ipande au ishuke. Muda wa sauti hiyo haumo katika herufi. Umo katika vialama. Nukta mbili hutenga pigo na pigo. Nukta moja huligawa pigo nusu kwa nusu. Mkato hutoa robo. Kistari huamuru sauti iendelee kuvutwa. Kialama kidogo ubavuni mwa herufi ndicho kinachosema kama d ni ya juu au ya chini. Na kimya je? Kimya katika solfa hakiandikwi kwa chochote: ni nafasi tupu.

Sasa ichukue karatasi hiyo uipeleke kwenye mashine ya fotokopi yenye wino unaokaribia kwisha. Kistari kimefifia: sauti iliyopaswa kuvutwa imegeuka kuwa kimya. Nukta imepotea: mapigo mawili yameungana. Kialama cha juu kimekatika: soprano anaporomoka ngazi nane wakati Handel alimtaka apande. Nota za mistari zikipata doa, bado unaona kichwa cheusi cha nota na mkia wake, ukakisia. Solfa ikipata doa, imekudanganya, wala hujui kwamba umedanganywa, kwa kuwa pengo lile ni lugha halali ya solfa. Kwa hiyo watu wa solfa ndio wanaohitaji chapa safi kuliko watu wote duniani, nao ndio waliopewa chapa mbaya kuliko watu wote duniani.

Nani hajawahi kusikia matokeo yake? Karibu na mwisho wa Haleluya, baada ya kelele zote zile, mtunzi ameweka kimya, kisha ndipo kwaya nzima inashuka polepole na kumaliza. Kimya hicho ni nusu ya utukufu wa wimbo. Nami sijui ni mara ngapi nimekaa kanisani nikamsikia mwimbaji mmoja, mara nyingi wa besi, akidumbukia humo peke yake kama ndoo kisimani. Watu hucheka. Wanamcheka yule maskini, badala ya kuicheka karatasi aliyopewa.

Tena kuna lililo baya zaidi ya kuchekwa. Mwaka 1987 nilihudhuria mashindano ya kwaya katika kanisa moja la mkoa huu. Wimbo wa lazima ulikuwa huo huo. Kwaya moja ya kijijini, ambayo mwalimu wake alikuwa amerithi kitabu kilichochapwa kutoka kwa mmisionari aliyerudi kwao, iliimba sawasawa kabisa. Ikavuta sauti pale panapovutwa, ikanyamaza pale panaponyamazwa. Ikakatwa alama. Mwalimu akaenda mbele na kitabu chake, kwa adabu, akakifungua mbele ya mwamuzi. Jibu alilopata nalikumbuka neno kwa neno: "Mwalimu, sisi tunafuata karatasi tuliyogawa." Wale waimbaji walirudi kwao kwa lori, kilomita nyingi za vumbi, wakiamini kwamba wamekosea.

Hapo ndipo karatasi chafu inapofikia. Kwanza inaharibu wimbo, kisha inageuka kuwa sheria ya kuwahukumia walioimba sawa.

Wapo watakaoniambia kwamba hata huko Ulaya nyimbo hizi zilianza kwa karatasi za mkono. Ni kweli, na ni hoja yangu mimi, si yao. Handel aliandika Messiah yote mwaka 1741 kwa muda wa siku 24, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, naye akaendelea kuibadilisha kila alipopata waimbaji wapya. Alipofariki mwaka 1759 kitabu chake kizima kilikuwa bado hakijachapwa. Kilitoka mwaka 1767. Bach alitunga kantata za kanisa nyingi ajabu, zimebaki zipatazo 200, na karibu zote hazikuchapwa akiwa hai. Zilinakiliwa nyumbani kwake na mkewe, wanawe na wanafunzi wake, na nyingine zilipotea kabisa kwa sababu zilikuwa karatasi tu, zikagawanywa na warithi. Watu wa Leipzig walipoona hasara hiyo hawakusema "tunafuata karatasi tuliyogawa." Mwaka 1850 waliunda chama, wakakusanya, wakalinganisha nakala na nakala, wakachapa kitabu baada ya kitabu kwa takriban miaka 50. Uingereza nako, Novello waliichapa Messiah kwa bei nafuu ili fundi wa kiwandani aweze kuinunua, na solfa ikapata matoleo yake. Ebenezer Prout akaja na toleo lake mwaka 1902, na Watkins Shaw mwaka 1959 akasafisha tena.

Sisi tunayachukua matunda ya jasho lote hilo, tunayaweka juu ya kioo cha mashine, na kwa kuwa ukurasa hauingii vizuri, tunafunika kichwa chake kwa kipande cha karatasi. Nimeliona likifanywa kwa macho yangu. Jina la mtunzi ndilo la kwanza kwenda, kwa kuwa ndilo lililo juu kabisa.

Halafu yako maneno. Waingereza pale wanapomtaja Mfalme wa wafalme wana silabi tatu tu, juu ya sauti ndefu zinazopanda ngazi kwa ngazi. Sisi tunazo saba: m-fa-lme-wa-wa-fa-lme. Saba zinaingiaje penye tatu? Mtu lazima aamue. Kiswahili hukazia silabi ya pili toka mwisho, kwa hiyo fa ndiyo inayostahili kukaa kwenye pigo zito, na ile m ipite upesi kabla yake. Karatasi niliyonayo mezani imefanya kinyume: imeiweka m juu ya pigo zito, na waimbaji wanaivuta mmmm kama ng'ombe anayedai maji. Milele na milele nayo ina silabi moja zaidi ya Kiingereza chake, na kila kwaya inaipachika inapojua yenyewe. Lakini neno haleluya lenyewe linakaa vizuri ajabu, lu yake ikiangukia pigo la tatu kama kwamba Handel aliwahi kukaa Mvumi. Mambo kama haya huamuliwa na mhariri mwenye sikio, akaweka jina lake chini ili tumlaumu au tumshukuru. Karatasi isiyo na jina hailaumiwi na mtu.

Najua vijana wawili watakaonipinga. Wa kwanza amesoma mjini na anasema dawa ni kuiacha solfa, tuhamie mistari mitano. Ninamwuliza: nani atawafundisha akina mama wa kwaya ya Chilonwa, wanaofanya mazoezi jioni baada ya shamba? Afrika ya Kusini hawakulazimika kuchagua. Mwaka 1998 walitoa kitabu cha kwaya, South Africa Sings, chenye solfa na mistari katika ukurasa mmoja. Wa pili anasema Handel ni mgeni, tuimbe vyetu. Huyu ananigusa, maana mimi ni Mgogo, nami najua kwamba babu zetu waliimba kwa sauti nyingi kabla ya kumwona Mzungu yeyote. (Zeze letu lina sauti moja ambayo haimo katika do-re-mi yoyote, imekaa katikati ya la na ti, na solfa haina herufi ya kuiandika.) Lakini namwambia: hivyo vyetu unavyovitetea, viko wapi? Viandikwavyo kanisani viko kwenye karatasi ile ile, tena vina hali mbaya kuliko Handel. Jina la Handel likikatwa Dodoma, liko salama London. Jina la mwalimu wa kwaya wa Kongwa likikatwa hapa, limekatwa duniani kote.

Hili ndilo linaloniumiza. Huku kwetu mwalimu wa kwaya akifa, madaftari yake hufungiwa maandazi. Nyimbo zake zinaendelea kuimbwa, zinarekodiwa, zinauzwa, na juu yake pameandikwa "wimbo wa zamani". Hukwe Zawose wa Doduma, mwanamuziki wa uwanda huu huu, alifariki mwaka 2003, na jina lake liko kwenye sahani za muziki madukani Ulaya. Sontonga alifariki mwaka 1905, na kaburi lake lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996 tu, baada ya kutafutwa. Tulikuwa tumeuimba wimbo wake kwa miaka mingi. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda alitunga oratorio nzima kwa Kiganda juu ya Mashahidi wa Uganda, nayo ilichapwa Roma mwaka 1964, mwaka ule ule walipotangazwa watakatifu. Padre Stephen Mbunga wetu alitunga Misa Baba Yetu. Hawa tunawajua kwa nini? Kwa sababu mtu fulani alipeleka kazi zao kwa mpiga chapa, na jina halikukatwa.

Wengine husema neno la Mungu ni bure, kwa hiyo na karatasi iwe bure, na majina ni majivuno. Neno ni bure. Wino haujawahi kuwa bure, hata wa Biblia. Kuhusu majivuno, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa, wala haijasema haki hiyo inakoma mlangoni mwa kanisa. Na viongozi wanaotuhubiria unyenyekevu wa kutotajwa, majina yao nayaona yamechongwa kwenye mawe ya msingi ya kila jengo, pamoja na tarehe.

Siku hizi karatasi imehamia kwenye simu. Sikatai simu. Lakini kinachotumwa ni picha ya ile ile fotokopi, iliyopigwa usiku, kidole gumba kikiwa juu ya mstari wa besi. Katika mtandao huo huo, vitabu vizima vya Bach na Handel ambavyo muda wa hakimiliki umepita vinapatikana bila senti moja, safi kama maji ya mvua. Kulinganisha karatasi yetu navyo ni kazi ya juma moja kwa mwalimu mmoja anayejua nota zote mbili.

Makanisa yetu hapa mjini yana mitambo na yana nyumba za vitabu. Yanachapa kalenda zenye picha za maaskofu kila mwaka, tena kwa rangi. Nataka kitabu kimoja chembamba. Solfa juu, mistari chini, kila nukta mahali pake, vimya vyote vimetiwa alama inayoonekana. Haleluya iwe ya kwanza, kisha korasi nne au tano za Bach, kisha nyimbo 20 za walimu wa kwaya wa uwanda huu, waliokufa na walio hai. Kila ukurasa uwe na jina la mtunzi, jina la aliyetia maneno, na kijiji chake. Majina ya Kongwa na Mpwapwa ninayo 11 tayari, na madaftari manne nimeyanunua kwa muuza maandazi.