Uwanja wa Gofu Wenye Rangi ya Gulwe

Muhula uliopita mwenzetu mmoja darasani aliwasilisha wazo la kujenga uwanja wa gofu wa mashimo 18 pembezoni mwa Dodoma. Aliuita "rafiki wa mazingira". Alikuwa amejiandaa kweli: umeme wa jua, vigari vya betri, samadi badala ya mbolea ya viwandani, miti ya asili, hadi cheti cha GEO, lile shirika la Uskoti linalopima viwanja vya gofu. Picha zake zote zilikuwa za kijani kibichi. Ilikuwa mwezi wa tisa, na nje ya dirisha nchi nzima ilikuwa na rangi ya ngozi ya ng'ombe.

Mimi nimekulia Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, pale reli inapofuatana na mto Kinyasungwe. Nikauliza swali la mtu wa Gulwe: maji?

"Visima," akasema. "Baadaye maji taka yaliyosafishwa."

Tupige hesabu basi. Uwanja wa mashimo 18 huchukua hekta 50 au zaidi. Tumwonee huruma, tuseme atamwagilia hekta 20 tu. Kiangazi cha kwetu, nyasi zisizoruhusiwa kukauka zinataka kama milimita 5 za maji kwa siku. Hizo ni lita milioni moja. Ndoo 50,000, kila siku, kuanzia Mei hadi mvua zirudi. Na visima anavyovisema viko nchi ileile ambayo mji wake mkuu umetegemea visima vya Mzakwe kwa miaka mingi, na mgao wa maji si hadithi kwa yeyote aliyewahi kupanga chumba Dodoma.

Gulwe tunaijua ndoo. Mvua ikija, Kinyasungwe huweza kung'oa reli. Imeshafanya hivyo zaidi ya mara moja. Mvua ikiisha, mto unabaki mchanga, na watu wanafukua mchanga kutafuta maji. Bibi yangu huoshea vyombo, maji yaleyale akayapeleka kwenye mpapai. Hajawahi kupewa cheti.

Mwenzangu alikuwa na hoja moja nzuri, na sitaki kuificha: nyasi huzuia mmomonyoko. Ni kweli, na ushahidi ulipatikana Mpwapwa kwetu. Miaka ya 1930 mtafiti Staples alipima pale maji na udongo unaochukuliwa na mvua, na ardhi tupu ikapoteza vingi mno kuliko ardhi yenye majani au kichaka. Ila vichaka vile na majani yale havikumwagiliwa na mtu. Vilikauka kiangazi, mizizi ikabaki imeshika udongo. Ukavu ule haukuwa ugonjwa.

Tena hapa Dodoma nyasi zina kumbukumbu chungu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 maelfu ya mifugo yakaondolewa katika maeneo ya Kondoa yaliyomomonyoka ili majani yaote. Ardhi ilipona kwa kiasi kikubwa, nakubali. Lakini mfugaji aliambiwa ng'ombe wake ni mzigo kwa ardhi. Nani atakwenda kumwambia mjukuu wake kwamba sasa yapo maji ya kunyweshea nyasi zisizoliwa na mnyama? Na hayo maji taka yaliyosafishwa, kabla ya gofu yana foleni: malisho, miche, bustani za mboga.

Kinachonichekesha ni kwamba nyasi zinazotandikwa kwenye viwanja vingi vya nchi za joto, hadi Marekani, ni jamii ya ukoka. Ukoka huu huu, tunaoung'oa shambani tukiulaani. Ukiachwa, hufifia Juni na kufufuka mvua ya kwanza. Ni huko mbali walikoufundisha kuwa kijani mwaka mzima.

Kwa hiyo simkatazi mtu gofu. Uskoti ilianza kwenye vilima vya mchanga pwani, kondoo wakila majani, bila bomba wala mpira wa kumwagilia. Afrika Mashariki ya ukoloni nayo ilikuwa na viwanja ambavyo kuzunguka shimo hapakuwa na nyasi, ni mchanga tu uliosawazishwa, waliviita brauni. (Mchanga ule ulichanganywa na mafuta, na hilo tusiige.) Niliandika pendekezo langu pembeni ya andiko lake: ukoka wa mvua peke yake, mchanga kuzunguka mashimo, mbuzi waruhusiwe kupita baada ya mavuno, na ifikapo Julai uwanja mzima uwe na rangi ya Gulwe.

Akalisoma, akatabasamu. "Hapo hakuna atakayelipa kucheza, ndugu yangu."

Nikamwomba aiweke sentensi hiyo ukurasa wa kwanza, badala ya yale maneno yake matatu kuhusu mazingira.