Kabla ya kuchagua rangi ya chumba cha mtoto, tafuta pa kutundika chandarua

Mama mmoja aliingia kliniki akiwa amembeba mtoto wa miaka minne, kalala begani, mwili wa moto. Kipimo kikaonyesha malaria. Ilikuwa mara ya tatu tangu masika yaanze. Nilimuuliza swali ninalowauliza wazazi wote: mtoto analala wapi, na je, analala ndani ya chandarua? Badala ya kunijibu, akatoa simu na kunionyesha picha.

Kwa kweli kilikuwa chumba kizuri. Ukuta wa buluu wenye mawingu meupe, kitanda chenye umbo la gari jekundu, pazia zito lenye picha za katuni, zulia la manyoya, na midoli imepangwa kwa ukubwa kuanzia mlangoni hadi dirishani. Dari ni la jipsamu, lina taa ndogondogo. Nikaikuza picha kutafuta chandarua, sikukiona.

“Tulikitoa, daktari,” akasema. “Fundi alituambia kinaharibu mwonekano. Na hata tukikitaka, kitanda hakina miti ya kukifungia.”

Sikumlaumu, na simlaumu hadi leo. Alitumia fedha nyingi kwa sababu anampenda mwanawe, na mtoto anayekipenda chumba chake huenda kulala bila vita. Shida yangu ni kwamba siku hizi tunapamba chumba cha mtoto kwa ajili ya macho ya mgeni anayepita mchana, au ya ndugu watakaoiona picha kwenye simu. Mtoto mwenyewe hukaa humo saa tisa au kumi, tena gizani, macho yakiwa yamefumba. Gizani rangi ya ukuta haionekani. Kilichobaki humo ni mbu, hewa anayovuta, vumbi la godoro na vitu ambavyo mkono wake unafikia. Kwa maoni yangu upambaji uanze na hivyo vinne, rangi ije mwisho.

Mbu wanaoeneza malaria huuma zaidi usiku, na wengi wao huuma ndani ya nyumba. Hilo tunalijua tangu shule ya msingi, lakini likija suala la kupamba tunalisahau. Nikiuliza, baba wengi hunijibu kwamba wana feni. Feni husaidia, mbu hapendi upepo. Lakini umeme ukikatika saa nane usiku, feni inasimama na mbu yupo. Wengine huniambia wamenunua kile chandarua cha duara chenye maua na riboni, kinachoshuka kutoka darini kama shela la bibi harusi. Angalia mambo mawili kabla hujakiamini. Vingi vya aina hiyo havina dawa, na vingi ni vifupi, havifiki kuchomekwa chini ya godoro. Mtoto akijigeuza, mguu unagusa wavu na mbu anauma akiwa nje. Chandarua chenye dawa, kile kinachotolewa kliniki kwa wajawazito na watoto wachanga, hakina riboni lakini mbu akikigusa anakufa. Kikiwa kipya kianike kivulini siku nzima kabla ya kukitumia, ili mtoto asiwashwe. Kikifikisha miaka mitatu hivi, au kikitoboka matundu makubwa, tafuta kingine.

Kuhusu kitanda kisicho na miti: misumari minne ya kulabu kwenye kuta, kamba mbili zikipita juu ya kitanda, kazi imekwisha. Fundi akikataa kutoboa jipsamu yake, mwambie atoboe ukuta. Kwa vitanda vya juu na chini, mara nyingi naambiwa wa chini ana chandarua na wa juu hana kwa sababu dari liko karibu. Mbu anapanda juu bila shida. Tena mtoto aliye chini ya miaka sita asilale juu, kwa sababu ya kuanguka.

Baada ya chandarua, dirisha. Chumba cha mtoto kwa kawaida ndicho kidogo kuliko vyote, kina dirisha moja, na kabati likifika linawekwa hapohapo mbele ya dirisha kwa sababu ndipo penye nafasi. Hewa inakwisha. Hamisha kabati, hata kama itabidi kitanda kikae pasipopendeza. Kisha kagua wavu wa dirisha kwa mkono, si kwa macho tu, maana kona ndizo hufunguka kwanza. Nchini Gambia watafiti waliweka wavu kwenye milango na madirisha ya nyumba na kuziba upenyo wa juu wa kuta, wakalinganisha na nyumba zilizoachwa kama zilivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: kwenye nyumba zisizo na wavu watoto 30 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu, na kwenye zilizozibwa kote walikuwa 19. Nyumba zilizozibwa juu tu, kwa dari la wavu, zilipata 20, karibu sawa na zile zilizozibwa kote. Ukiwa na fedha kidogo za kukarabati chumba, hapo ndipo ningezipeleka kabla ya kumwita mchora mawingu.

Naomba pia ile dawa ya mbu ya kuchoma, ya mzunguko, isiwashwe chumbani kwa mtoto huku mlango umefungwa. Utafiti wa mwaka 2003 ulipima moshi wake na kukuta kipande kimoja kikiungua chote kinatoa chembechembe laini sawa na sigara kati ya 75 na 137. Mzazi asiyeruhusu mgeni avute sigara moja sebuleni anaiacha dawa hiyo ikiungua hadi asubuhi chini ya kitanda cha mwanawe. Na wenzetu wa mikoa ya baridi, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kupasha joto, hata kama limebaki makaa tu. Hewa yake ya sumu haina harufu.

Kwenye vumbi naongea kama mtuhumiwa. Binti yangu alipokuwa na miaka mitano alikohoa kila usiku kwa miezi, mchana yuko mzima. Mimi, ninayewashauri wengine, nilichukua muda mrefu kutazama kitanda chake: midoli ya manyoya kumi na nne (nilihesabu), zulia nene ambalo halijawahi kutoka nje, na godoro lisilo na kitambaa cha kulifunika. Ndani ya vitu hivyo huishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, na uchafu wao huamsha pumu kwa watoto wenye asili hiyo. Tukabakiza midoli miwili, ile inayoweza kufuliwa. Zulia likauzwa kwa jirani, na shuka zikawa zinafuliwa kila wiki kwa maji ya moto. Kikohozi hakikuisha chote, maana pumu ni pumu na dawa yake ya kuvuta aliendelea nayo, lakini tulianza kulala usiku. Kama mwanao anakohoa usiku au kifua kinatoa mluzi, mlete hospitali apimwe. Usihangaike na zulia peke yake.

Rangi nayo ina la kusema. Rangi zilizochanganywa madini ya risasi bado zipo mitaani, na madini hayo huharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Nchi za Afrika Mashariki zimeweka kikomo cha sehemu 90 kwa kila milioni, kwa hiyo unaponunua soma kopo, na uiache rangi ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na jina. Hatari kubwa zaidi iko kwenye rangi ya zamani inayobanduka. Fundi huikwangua kwa msasa ikiwa kavu, vumbi linatanda, na mtoto anacheza pembeni akilamba vidole. Mwambie ailoweshe kwanza, watoto wasiwepo, na sakafu ipigwe deki kabla hawajarudi. Mjamzito naye asikwangue wala asipake. Nalisema hili kwa sababu wanaonijia wakiwa wamepaka chumba cha mtoto kwa mikono yao wenyewe ni akina mama wenye mimba ya miezi minane.

Na chumba hicho cha kichanga kinaweza kusubiri. Kwa miezi sita ya kwanza, angalau, mtoto alale chumba kimoja na wazazi, kwenye kitanda chake, chali, godoro gumu kiasi, bila mto, bila mdoli, bila zile sponji za rangi zinazofungwa kuzunguka kitanda. Najua kinaonekana kitupu, na bibi atasema mtoto anateseka. Muelezeni kwa heshima kwamba vitu laini huweza kumziba pumzi.

Kwa wakubwa kidogo, kabati la droo likazwe ukutani kwa skrubu, kwa sababu mtoto hufungua droo akazipanda kama ngazi. Taa za nyota zinazotumia betri bapa kama kitufe zikaguliwe kifuniko kama kina skrubu. Betri hiyo ikimezwa huweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Usisubiri itoke kwa choo. Kimbia hospitali.

Wapo watakaosoma haya wakasema daktari anawazungumzia wenye vyumba vya ziada, sisi tumelala watano chumba kimoja. Ni kweli, na nyumba nyingi ninazozijua ziko hivyo. Lakini kati ya niliyoyataja, yaliyo muhimu zaidi hayahitaji chumba cha peke yake. Kamba mbili na kulabu nne hutosha juu ya godoro lililo sakafuni, na pazia linaweza kusogezwa asubuhi hewa ikapita.

Yule mama alirudi baada ya siku tatu kama tulivyokubaliana. Mtoto alikuwa akikimbia koridoni, dozi imemalizwa. Akanionyesha picha mpya: chandarua cheupe cha kliniki kimefungwa juu ya gari jekundu, na mtoto amekibandika stika za magari pembeni. Nilimwambia stika ziishie hapo, zisizidi. Pazia amelibadilisha kwa jepesi. Zulia bado lipo, baba yake amelilipia juzi tu, na suala hilo tumeliahirisha hadi ziara ijayo.