Kisu kwa Anayejua Kukitumia
Tess Gerritsen alikuwa daktari kabla ya kuwa mwandishi, na ukisoma riwaya yake The Surgeon ya mwaka 2001 huhitaji kuambiwa. Mjini Boston, Marekani, mtu anawavamia wanawake usiku vitandani mwao na kuwatoa mfuko wa uzazi kwa mkono uliozoea kazi hiyo. Wanaomsaka ni mpelelezi Thomas Moore, mtu mtaratibu, na Jane Rizzoli, ambaye kabla hajamfikia muuaji inabidi apambane na kejeli za wanaume wa kikosi chake mwenyewe. Kwangu mimi Rizzoli ndiye anayekibeba kitabu, ingawa Gerritsen amewahi kueleza kuwa alikusudia afe humo humo. Akanusurika, na mwaka 2010 akapewa tamthilia nzima ya televisheni. Lakini kinachonyima usingizi si damu. Dk. Catherine Cordell, aliyewahi kuponea chupuchupu shambulio kama hilo kule mjini Savannah, ni daktari wa upasuaji: maarifa anayookoa nayo majeruhi ndiyo anayoulia yule muuaji. Halafu kuna namna muuaji anavyowapata wahanga wake, ambayo siifichui, ila itakufanya uitazame upya chupa ya damu unayomwachia mtu wa maabara. Mapenzi ya Moore na Cordell yamekula kurasa nyingi mno, yaruke ukitaka. Kitabu ni kizuri. Kama una miadi ya upasuaji wiki hii, kisome ukisharuhusiwa kurudi nyumbani.