Silaha na Aliyeitoa

Wako vijana wa mjini wapendao mchezo wa mezani uliotoka Marekani. Waliutunga Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons. Kila mchezaji hujibunia shujaa, akamvika silaha, kisha wote wakaingia hadithini pamoja. Pigo likimpata adui au lisimpate, huamuliwa kwa dadu, na mojawapo ina nyuso 20. Habari ya dadu nawaachia mashekhe. Mimi leo nina neno juu ya silaha.

Silaha za vitabu vya mchezo huo nyingi ni za Ulaya ya kale: panga, pinde, mashoka na mikuki ya mipini mirefu ya kila namna. Mchezaji akichoka nazo hutafuta za ajabu, akakimbilia Japani. Kijana wa Kibera au Kawangware ana haja gani ya kwenda mbali hivyo? Waturkana walikuwa na kisu cha mviringo mfano wa bangili, kivaliwacho kifundoni mwa mkono, makali nje, kikafunikwa kwa ala ya ngozi. Mwenye kukivaa vidole vyake vilibaki huru kwa kazi nyingine. Wamasai wana rungu, ambalo hurushwa likampiga mtu au mnyama kwa mbali.

Na sisi wa pwani je? Utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913, wasimulia kisa cha Fumo Liyongo. Alipofungwa, mamaye alioka mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani. Walinzi, waliozoea kumla vyakula vyake vizuri, wakaudharau mkate ule, nao ukamfikia. Nje watu wakacheza gungu kwa kelele, ndani Liyongo akakereza minyororo. Hakuna mtunzi wa michezo aliyebuni silaha ya ajabu kuliko mkate wa mama.

Tazama basi, ndugu msomaji, jambo moja. Silaha ya hadithi ina mwenyewe. Upanga wa Sayyidna Ali una jina, Dhulfikari, hata twawapa watoto wetu jina hilo. Fimbo za kirumbizi kule Lamu huchezwa hadharani, kwa ngoma na zumari, mbele ya wazee. Aliyeshika silaha ajulikana, na mpaka wake wajulikana.

Silaha ya Kibera si hivyo. Mwishoni mwa 2001 wapangaji na wenye nyumba Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudani kuwatumikia Waingereza, waligombania kodi, damu ikamwagika. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ikamwagika tena, na zaidi. Oktoba 2017 ilikuwa zamu ya Kawangware. Panga la kufyekea majani lilishikwa usiku, na asubuhi halikuwa na mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba kumpa kijana shujaa mwenye silaha, hata ya kubuni, ni kumfundisha vita. Sikubali. Mapanga yale hayakutoka katika hadithi wala katika mchezo. Ninayemhofia ni kijana asiye na hadithi yoyote juu ya silaha, anayeipokea kwa mtu bila kuuliza neno.

Kwa hiyo wenye kuwaongoza vijana wetu wa Nairobi wasiwakataze kubuni. Wawaache wabuni bangili ya makali na mkate wenye tupa. Lakini kila silaha wanayoileta wajibu kwanza: aliyeifua ni nani, aliyekupa ni nani, na siku gani ni haramu kuichomoa? Asiyejibu akose zamu yake.

Maana Liyongo mwisho wake hakuuawa kwa upanga wala mshale. Aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, mkononi mwa mwanawe wa kumzaa. Mkubwa mmoja alimwahidi kijana yule mke na cheo, na kazi ilipokwisha akamtupa. Kisa hicho Kibera na Kawangware wanakijua, hata wale ambao hawajausoma utenzi.