Lakabu ya Miamba na Haki ya Pamba

Lakabu ni vazi la pili la jina. Likimfaa aliyelivaa humpamba. Likimfunika hata asitambulike, yafaa avuliwe. Mwanza, mji wa viwanda ulio kando ya ziwa, umevikwa vazi la namna hii. Huitwa Jiji la Miamba, na wafanyabiashara na vijana hupenda zaidi kulitamka jina hilo kwa Kiingereza, Rock City, kana kwamba mawe ya Usukuma hayakupata kuwa na jina katika vinywa vya wenyewe.

Hapana awezaye kukana kwamba miamba ipo. Matale ya Mwanza yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Maji yalipenya katika nyufa zake, yakayalainisha na kuyamomonyoa. Udongo ukachukuliwa na mvua, yakabaki majabali makubwa yaliyobebana. Ni maajabu ya kutazamwa. Walakini kutazamwa ni jambo moja, na kujenga mji ni jambo jingine.

Wanaoitetea lakabu hii hudai kwamba ni ya kale. Dai hilo halisimami. Mwanza ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2000. Kwa hiyo neno jiji katika lakabu hiyo ni la juzi. Zaidi ya hayo, jina lenyewe la Mwanza wengi hulihusisha na neno nyanza, yaani ziwa. Ikiwa ndivyo, wahenga waliutazama mji wao kwa maji yaliyowalisha, si kwa mawe. Na jabali lijulikanalo kuliko yote, lile lisimamalo majini karibu na ufuko, hata leo lina jina la Bismarck, waziri mkuu wa Ujerumani, mtu ambaye hakupata kukanyaga nchi hiyo. Huo ndio ukale wa lakabu: neno la juzi, lugha ya kigeni, na jabali lenye jina la mtawala wa mbali.

Je, ni nini kilichouleta mji wa viwanda? Ni pamba. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Maswa, Bariadi, Kwimba na Shinyanga ikapata njia ya kwenda baharini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakachagua wapima wao wenyewe, wakasimama kando ya mizani, wakahesabu ratili kwa ratili. Kutoka katika mizani hiyo vilizaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoongozwa na Paul Bomani, makao yake yakiwa Mwanza. Kabla ya Uhuru wa 1961, ununuzi wa pamba ya Usukuma ulikuwa umekwisha kuwa mikononi mwa vyama vya wakulima. Vinu vya kuchambulia pamba, vinu vya mafuta, na kiwanda cha nguo cha Mwatex kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, vyote vilisimama juu ya jembe la mkulima. Hata baada ya vyama hivyo kuvunjwa mwaka 1976, na hata viwanda vya samaki aina ya sangara vilipochukua nafasi ya mbele katika miaka ya 1990, msingi uliowekwa na pamba ulikuwa ule ule. Jabali halikutoa senti moja.

Mtu akisimama Nyalikungu, makao ya wilaya ya Maswa, haioni miamba ya Mwanza. Aonalo ni shamba. Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012, ndio unaotangulia nchini kwa zao la pamba. Na sehemu kubwa ya nyuzi za pamba ya Tanzania husafirishwa nje kabla ya kufumwa. Pamba nayo ilipewa lakabu, dhahabu nyeupe. Ndivyo ilivyo desturi ya lakabu hizi: mji husifiwa kwa jiwe, zao husifiwa kwa dhahabu, na aliyeinama juani tangu kupanda hata kuvuna hana sifa yoyote.

Ugonjwa huu si wa Mwanza peke yake. Morogoro, uliojengwa viwanda vya viatu, ngozi na turubali, husifiwa kuwa ni mji kasoro bahari. Milima husifiwa, mito husifiwa, bahari isiyokuwapo hutajwa. Mfanyakazi wa kiwandani hatajwi.

Watatokea watakaosema kwamba lakabu ni mchezo tu wa maneno, haina dhara. Hao hawajui kazi ya maneno. Mtoto akifundishwa kwamba mji ni wa miamba, atauliza habari za miamba, wala hataona haja ya kuuliza ni nani aliyebeba magunia. Mji uaminio kwamba ulizaliwa na mawe haujioni kuwa na deni kwa kijiji chochote. Siku bei ya pamba ianguke na mkulima wa Maswa alie, mji utamsikia kama mgeni. Na hata miamba yenyewe lakabu haiikingi: hupigwa nyundo kila siku ikawa kokoto, na wapigaji ni watu maskini ambao nao hawamo katika sifa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakabu ibaki ikitaka, lakini isiachwe isimulie historia peke yake. Wanafunzi wa vyuo vikuu watokao Usukuma wana kazi mkononi: wale waliokuwa vijana kando ya mizani ya mwaka 1952 sasa ni wazee wa miaka 90 na zaidi. Wanajua majina ya wapima, wanajua vituo vya kununulia, wanajua jinsi ratili zilivyoibwa na jinsi zilivyorudishwa. Miamba imengoja miaka bilioni mbili na zaidi, nayo yaweza kungoja tena. Wazee hao hawawezi. Aandikaye juu ya Mwanza na aanzie kwao.