Mwanamke wa Usangi Bado Anasubiri Filamu Yake

Wahusika wakuu wa filamu ya Binti ni wanawake wanne, na wote wanne wamebanwa. Tumaini anaandamwa na deni. Angel anakaribia kuolewa na mwanamume anayempiga. Stella anatamani mtoto na hapati. Rose anaye, mwenye mahitaji maalumu, na ulezi umemlemea. Filamu hiyo ya 2021 iliongozwa na Seko Shamte, ikatayarishwa na Angela na Alinda Ruhinda, na mwaka uliofuata ikawa ya kwanza kutoka Tanzania kuonyeshwa Netflix.

Uzito wake umo katika mambo yanayopita vichwani mwa wanawake hao. Kwa miaka mingi mtazamaji wa Bongo Movie amezoea kumwona mwanamke akiwa kishawishi, mama mkwe mkorofi, au mtu wa kulia. Machozi tumeonyeshwa mengi. Mawazo yaliyoyaleta, mara chache mno.

Binti haikuwa ya kwanza kujaribu. Mwaka 2015 Chande Omar aliongoza Aisha, iliyotengenezwa na shirika la UZIKWASA la Pangani, ambamo Godliver Gordian aliigiza mwanamke aliyebakwa na kukataa kunyamaza. Gordian huyohuyo yumo katika Binti. Omar ni mwanamume, na jambo hilo lisipuuzwe: mwongozaji wa jinsia yoyote anaweza kumtendea haki mwanamke akikubali kwanza kumsikiliza. Hata hivyo, wanawake wenyewe wanaposhika kalamu, kamera na fedha, hakuna haja ya kumwomba mtu ruhusa.

Tatizo lililobaki ni ramani. Binti ni ya Dar es Salaam, Aisha ni ya Pangani. Ukipanda milima ya Upare mpaka Kighare, kule Usangi, au ukaenda upande wa Same kwa wakulima wa tangawizi wa Mamba Myamba, utakuta maelfu ya wanawake ambao filamu zetu hazijawahi kuwauliza wanawaza nini. Mwanamke wa kijijini akionekana, mara nyingi ni kichekesho, au ni bibi wa kubariki safari ya mtu mwingine.

Na kisa kipo, tena kikubwa. Katika miaka ya 1940 Wapare waligomea kodi ya mbiru, iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika juu ya mgomo huo, uliodumu kati ya 1944 na 1947. Wanaume walishuka Same kwa maelfu wakapiga kambi. Huko Usangi wake zao walibaki na mashamba, watoto na njaa, kisha nao wakainuka. Walimkabili mkuu wa wilaya wa kikoloni wakamtaka amalize shauri hilo na waume warudi. Kama hawezi, basi awape mimba yeye mwenyewe. Wengine walitembea mpaka Same kuungana na wanaume.

Nani amewaza hofu ya mwanamke aliyesema maneno hayo mbele ya mzungu mwenye askari? Labda alikuwa na mtoto mgongoni. Labda alimkasirikia pia mumewe, aliyemwachia mzigo wote bila kumshauri. Hapo ndipo tamthilia ya kisaikolojia inapoanzia, na haihitaji kuazima chochote kutoka Marekani. Ingezungumzwa Kipare na Kiswahili, na mama wa mlimani angekuwa kiini chake.

Bodi ya Filamu Tanzania ipo, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hutoa mikopo kwa wasanii. Sehemu ya fedha hizo itengwe kwa waandishi wa kike wa mikoani, na mwenye kuomba asilazimishwe kuhamishia hadithi yake Dar es Salaam ili ipokewe. Filamu ikikamilika, ionyeshwe Usangi na Same, saa ambazo akina mama wametoka shamba na wanaweza kuja, kwa sababu vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea filamu, usiku vimekuwa vya vijana wa kiume.