Chui wa Mumbai

Tusikiapo jina la chui, mara twafikiri msitu mkubwa ulio mbali na nyumba za watu. Lakini huko Uhindi, katika mji wa pwani uitwao Mumbai, zamani Bombay, wenye watu zaidi ya milioni 12, chui wanaishi na kuzaa ndani ya mipaka ya mji. Kaskazini mwa mji iko hifadhi ya Sanjay Gandhi, yenye kilometa za mraba 104 hivi. Mwaka 2015 wataalamu walitega kamera humo na kandokando yake, wakahesabu chui 35.

Chui hao hula nini? Msituni huwinda swala na nguruwe-mwitu; usiku hutoka na kukamata mbwa wasio na mwenyewe. Na mbwa hao hufuata takataka. Basi, atupaye mabaki ya chakula nyuma ya nyumba humwita mbwa, na mbwa humwita chui.

Zamani chui wengi walioonekana karibu na nyumba walinaswa, wakaenda kuachwa mbali. Watu walidhani ya kuwa wamepona. Kumbe, chui aliyepelekwa ugenini hutangatanga, hajui mawindo wala maficho. Na mahali alipotolewa huja chui mwingine, mgeni vilevile. Mwaka 2004 watu zaidi ya 10 waliuawa.

Baadaye wakuu wa hifadhi walishika njia nyingine. Waliwafundisha wakaaji kuondoa takataka, kutembea usiku pamoja na kwa taa, kutowaacha watoto peke yao gizani, na kutomzunguka chui kwa makelele bali kumwachia njia apite. Mashambulio yakapungua sana. Hata hivyo Wawarli, wenyeji wa msitu huo, walizoea kuishi na chui tangu kale: wao humheshimu chui kwa jina la Waghoba.

Lakini amani ya namna hii haipatikani mara moja tu ikatosha. Mwaka 2021 watu kadhaa walishambuliwa mtaani Aarey, na mwaka 2022 mtoto mdogo aliuawa huko huko. Kila jioni kazi huanza upya.

Sisi nasi tuna wanyama wetu wanaotukaribia usiku. Kabla ya kuwalaumu, twende kwanza tukatazame nyuma ya nyumba zetu: tumetupa nini huko?